Dawa Imepatikana

Kuna kitenzi kimoja cha Kiswahili kinachonisumbua kazini, nacho ni kupatikana. Mwenye duka akikuambia sukari inapatikana, maana yake toa hela, beba sukari, nenda zako. Mtangazaji wa redio akisema mvuvi aliyezama amepatikana, maana yake alikuwa hajulikani alipo na sasa ameonekana. Kitenzi ni kile kile, na kwa kawaida hakuna anayechanganyikiwa. Tatizo linaanza pale sisi waandishi wa habari za afya tunapoandika kwamba dawa imepatikana. Imeonekana, au ipo dukani?

Desemba 8, 2023, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha kwa siku moja tiba mbili za jeni kwa ajili ya selimundu: Casgevy na Lyfgenia. Uingereza ilikuwa imeshaikubali Casgevy wiki tatu kabla, Novemba 16. Mimi ndiye niliyepewa kuiandika habari hiyo kwa Kiswahili katika chumba cha habari nilichokuwa nafanyia kazi. Niliandika "yaidhinishwa". Meza ya wahariri ikaona neno hilo limepooza, na habari ikatoka ikiwa na kichwa kinachosema tiba ya selimundu yapatikana. Haukuwa uongo, ukilichukua neno kwa maana ya mvuvi.

Kabla ya saa nne asubuhi mdogo wangu alikuwa ameshanipigia kutoka Mwanza. Hakusema hata "shikamoo, dada". Alisema: "Inapatikana wapi?"

Jibu fupi lilikuwa sentensi moja, na nilimpa palepale. Jibu refu nimeendelea kulisoma tangu siku ile, na ndilo hili.

*

Mdogo wangu ana miaka 28. Nyumbani ugonjwa wake tuliuita "mifupa" kabla ya kuujua kwa jina. Mtoto kaamka na mifupa. Mifupa imemkamata tena. Neno selimundu lilikuja baadaye, na nakumbuka nilivyolichambua nikiwa sekondari: seli, mundu. Waliolibuni walifanya kazi nzuri, kwa sababu anayejua mundu wa kukatia mpunga anaelewa nusu ya ugonjwa kabla hajafungua kitabu. Wenye ugonjwa wenyewe, wakiwa peke yao, wanasema tu sikoseli.

Miezi sita ya kwanza alikuwa mtoto mnono asiye na shida yoyote. Akiwa na miezi minane, vidole vya mikono na miguu vilivimba vikawa kama ndizi kisukari. Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kama ilivyo kwa walimu, aliamini kisichoandikwa hakipo. Alikuwa na daftari la mahudhurio la darasa lake na daftari jingine la mdogo wangu: tarehe, mahali panapouma, homa, chupa za damu alizoongezewa. Katika hospitali moja muuguzi aliliangalia daftari hilo, akamwangalia mtoto, akamwambia Mama kuwa huyu anadeka. Aliyekuwa anadeka alipimwa damu kwa ajili ya selimundu akiwa na miaka mitano.

Nawaomba mshike ile miezi sita ya unono. Tutaihitaji mbele.

*

Ukitaka kuelewa tofauti ya jenomu na protini, nenda kwa fundi cherehani. Jenomu ni daftari lake la vipimo: kifua, bega, urefu wa mkono, vyote vimeandikwa kwa herufi na tarakimu. Protini ni shati lenyewe. Daftari halikukingi na baridi, shati ndilo linalofanya kazi. Ila kipimo kimoja kikiandikwa vibaya, fundi atalishona shati kwa uaminifu wake wote na bado litakubana.

Hemoglobini ni protini iliyomo ndani ya chembe nyekundu za damu, na kazi yake ni kubeba oksijeni. Kwa mwenye selimundu, katika jeni ya sehemu ya hemoglobini iitwayo beta, pana herufi T mahali palipotakiwa pawe na A. Herufi moja. Kwa sababu yake, kiungo cha sita katika mnyororo wa protini, ambacho kingekuwa asidi ya glutamiki, kinakuwa valini. Hemoglobini ya aina hiyo ikishaiachia oksijeni yake hushikana na wenzake na kujipanga kama fito, na fito hizo huikunja chembe kutoka duara laini hadi mundu mgumu. Miundu hukwama kwenye mishipa midogo. Tuliposema mifupa imemkamata, kilichokuwa kimetokea ni damu kushindwa kupita.

Haya yote yamejulikana kwa muda mrefu kuliko nilivyodhani. Daktari James Herrick wa Chicago alizieleza chembe za umbo la mundu katika jarida la kitabibu mwaka 1910, baada ya kumtibu mwanafunzi kutoka kisiwa cha Grenada. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kuwa hemoglobini ya wagonjwa hawa inatembea tofauti ikiwekwa kwenye umeme, wakauita ugonjwa huu ugonjwa wa molekuli. Kisha kati ya 1956 na 1957, pale Cambridge, Vernon Ingram aliikatakata hemoglobini kwa kimeng'enya, akavitandaza vipande kwenye karatasi, akalinganisha madoa ya damu yenye ugonjwa na isiyo nao. Doa moja tu halikukaa mahali pake. Alipolifuata doa hilo akakutana na valini.

Siku hizi kazi ya kuzisoma protini nyingi kwa pamoja ina jina lake, proteomiki, na mashine zake ni za bei ya kutisha. Ingram alikuwa na karatasi, umeme na uvumilivu. Kufikia 1957, wakati Tanganyika bado iko chini ya Mwingereza, kosa lililokuja kumpata mdogo wangu lilikuwa limeshaelezwa hadi kiungo chake.

*

Na sisi wa huku hatukuwa watazamaji. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya na kusomea Oxford, alichapisha mwaka 1954 matokeo ya kazi aliyoifanya Afrika Mashariki. Alitaka kujua kwa nini jeni inayoua watoto haijafutika yenyewe, na kwa nini imejaa hasa kwenye maeneo ya ziwa na pwani ambako kuna malaria. Aliwapima watoto 290 wa Kiganda na kuona kuwa wenye jeni moja ya selimundu walikuwa na vimelea vya malaria kwa uchache. Halafu wakatafutwa Wajaluo 30 watu wazima waliojitolea, 15 wenye jeni moja na 15 wasio nayo, wakaambukizwa malaria kwa makusudi. Kati ya wasio nayo, 14 waliota vimelea. Kati ya wenye nayo, wawili.

Watu hao 30 sijawahi kuona majina yao popote. Lakini ndio waliosaidia kuthibitisha moja ya mifano mashuhuri ya jinsi ugonjwa mmoja unavyoweza kuibeba kinga ya mwingine: ukirithi jeni kwa mzazi mmoja umekingwa, ukirithi kwa wote wawili unaumwa. Mwaka 2018 wanasayansi wawili, Daniel Shriner na Charles Rotimi, walichambua jenomu za watu wengi na kukadiria kuwa herufi hiyo ilibadilika mara moja tu, kwa mtu mmoja, miaka kama 7,300 iliyopita.

Mimi nina jeni moja. Mdogo wangu anazo mbili. Baba na Mama wana moja moja, kwa hiyo kila mimba yao ilikuwa na nafasi moja kati ya nne ya kutoa mtoto mgonjwa. Tumekulia kandokando ya ziwa, na nikiwa mtoto niliugua malaria mara nyingi bila kuzidiwa hata mara moja. Huenda niko hai kwa sababu ya herufi ileile inayomtesa mdogo wangu. Sijui mtu anatakiwa kujisikiaje akilijua jambo kama hilo. Mimi huwa napiga simu Mwanza.

*

Sasa turudi kwenye ile miezi sita.

Mwaka 1948 daktari wa watoto wa New York, Janet Watson, alieleza kuwa watoto wachanga waliorithi selimundu hawaugui mwanzoni kwa sababu damu yao bado imejaa hemoglobini ya tumboni, ile anayoitumia mtoto kabla ya kuzaliwa. Hemoglobini hiyo haitumii jeni ya beta, kwa hiyo haina kosa. Baada ya miezi kadhaa mwili huizima na kuwasha ile ya kikubwa, na hapo ndipo vidole vinapovimba. Watu wachache huzaliwa na namna ya kuendelea kuitengeneza maisha yao yote. Kwa mfano, upande wa mashariki wa Saudi Arabia kuna wagonjwa wanaobaki na kiwango kikubwa cha hemoglobini ya tumboni, na ugonjwa wao huwa mwepesi.

Kwa hiyo njia ilikuwa inaonekana tangu mwaka niliokuwa nauita wa zamani: tafuta namna ya kuiwasha tena hemoglobini ya tumboni. Ila kuiona njia si kuipita. Dawa ya kwanza kuidhinishwa Marekani kwa ajili ya selimundu, haidroksiyurea, ilipata kibali mwaka 1998, miaka 41 baada ya Ingram kulisoma doa lake. Tena haikutengenezwa kwa ajili hiyo. Wakemia wa Ujerumani waliipika mara ya kwanza mwaka 1869, ikaja kutumika kwenye saratani za damu, na baadaye ikagundulika kwamba inapandisha hemoglobini ya tumboni. Dawa ya kuazima, kwa ugonjwa ambao kwa Marekani uliwakumba zaidi watu weusi na ambao serikali ya huko haikuutungia sheria yake mpaka 1972.

Kilichokuwa kinakosekana ni swichi yenyewe. Mwaka 2008 vikundi vya watafiti vililinganisha jenomu za watu wenye hemoglobini nyingi ya tumboni na wenye kidogo, wakiwemo wakazi wa kisiwa cha Sardinia, na jeni moja ikajitokeza: BCL11A. Ndiyo inayoizima hemoglobini ya mtoto. Huku kwetu, timu ya Muhimbili iliyoongozwa na Profesa Julie Makani ilikuwa imeanza mwaka 2004 kuwaandikisha na kuwafuatilia wagonjwa wa selimundu kwa maelfu. Jenomu za zaidi ya elfu moja kati yao zilichambuliwa, na matokeo yaliyochapishwa 2014 yaliitaja BCL11A vilevile. Kwa hiyo mtu asije akaniambia hii ni sayansi ya wenzetu. Damu ya Kampala, ya Wajaluo na ya Dar es Salaam imo ndani yake tangu mwanzo.

Baada ya swichi kujulikana, ikaja bisibisi. Mwaka 2012 Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier walionyesha namna ya kutumia kifaa cha kinga cha bakteria, CRISPR, kukata DNA mahali unapotaka. Mwaka 2019 mwanamke wa Mississippi, Victoria Gray, akawa mgonjwa wa kwanza wa selimundu Marekani kutibiwa hivyo. Mwaka 2020 wanawake hao wawili wakapewa Nobel ya kemia. Na 2023 mhariri wangu akapata kichwa chake cha habari.

*

Nilimweleza mdogo wangu Casgevy inavyofanya kazi, hatua kwa hatua, siku niliyokwenda Mwanza kwa likizo. Alikuwa anachambua dagaa.

Kwanza wanakudunga dawa ya kuzitoa seli shina kwenye uloto ziingie kwenye damu, wanazivuna kwa mashine, pengine kwa zaidi ya awamu moja. Seli zinapelekwa maabara maalumu, BCL11A inakatwa mahali panapoiendesha ndani ya chembe nyekundu, na kazi hiyo pamoja na ukaguzi wake huchukua miezi. Halafu unarudi hospitali, unapewa dawa kali ya aina ya zile za saratani kuuangamiza uloto uliobaki, ili seli mpya zipate nafasi. Zinarudishwa mwilini kwa dripu. Unakaa wiki kadhaa chini ya uangalizi ukisubiri damu mpya iote. Katika majaribio, kati ya wagonjwa 31 waliofuatiliwa muda wa kutosha, 29 walikaa angalau miezi 12 mfululizo bila shambulio kali la maumivu.

"Ishirini na tisa kati ya thelathini na moja," akarudia, kama anayehesabu chenji.

"Ndiyo."

"Na hiyo dawa ya saratani, mtu bado anazaa?"

Hilo swali sikuliona kwenye taarifa hata moja niliyoitafsiri. Jibu ni kwamba dawa hiyo inaweza kuharibu uwezo wa kuzaa, na wagonjwa wa huko hushauriwa kuhifadhi mayai au mbegu kabla ya kuanza. Nikamwambia hivyo.

"Bei?"

Dola milioni 2.2 za Marekani kwa mtu mmoja. Lyfgenia ni milioni 3.1. Nilimbadilishia kwa shilingi: ile ya bei nafuu ni zaidi ya bilioni tano. Akacheka mpaka akaacha dagaa. "Yaani mimi ningeuzwa mzima," akasema, "na bado ningebaki nadaiwa."

Watu huwa wanaishia kwenye bei, na mimi naielewa hasira hiyo. Lakini tuseme bei ifutwe kesho. Bado unahitaji wodi ya kumtenga mgonjwa asiye na kinga, benki ya damu isiyokauka, mashine za kuvunia seli, na wataalamu ambao wameshaifanya kazi hiyo mara nyingi kiasi cha mikono kutotetemeka. Bidhaa ya tiba haiishii ndani ya chupa. Chupa ni kipande chake cha mwisho.

Na hata chupa yenyewe inaweza kurudi ilikotoka. Mwaka 2019 FDA iliidhinisha kidonge kiitwacho voxelotor, kinachoishikilia hemoglobini isijipange fito. Pfizer iliinunua kampuni iliyokitengeneza kwa dola bilioni 5.4 mwaka 2022. Septemba 2024 ikakiondoa sokoni dunia nzima, baada ya takwimu kuonyesha kuwa hatari zake zinazidi faida, vikiwemo vifo katika majaribio. Baadhi ya watoto walioshiriki majaribio hayo walikuwa wa Afrika, Kenya ikiwemo. Kwenye kundi la WhatsApp la mdogo wangu na wenzake, waliokuwa wameandika "lini kitafika?" wakaanza kuandika "afadhali hakikufika". Mwezi uleule, watu walewale.

*

Nisingependa makala hii isomeke kama kilio, kwa sababu vipo vitu vinavyofanya kazi na bei yake haimshangazi mtu.

Mwaka 1986 utafiti wa Marekani ulionyesha kwamba mtoto mwenye selimundu akipewa penisilini ya kunywa kila siku, maambukizi makali ya bakteria wa nimonia yanapungua kwa asilimia 84. Utafiti ulisimamishwa miezi minane kabla ya wakati, kwa sababu haikuwa haki kuendelea kuwanyima wale wa kundi la kulinganishia. Penisilini ya vidonge! Ila ili umpe mtoto kinga hiyo lazima ujue mapema kuwa ni mgonjwa, yaani umpime akiwa mchanga, kabla ya ile miezi ya unono kuisha. Vipimo vipo siku hizi vinavyotumia tone la damu na kutoa jibu ndani ya dakika chache, pasipo maabara. Inakadiriwa kuwa watoto kama 11,000 huzaliwa na selimundu Tanzania kila mwaka, na wengi bado wanatoka wodi ya wazazi bila kupimwa.

Halafu haidroksiyurea ile ya kuazima. Kwa miaka mingi kulikuwa na hofu kwamba kwa watoto wa Afrika ingeongeza malaria na maambukizi mengine. Utafiti uitwao REACH uliwapa watoto 606 wa Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale, na matokeo yake yalichapishwa 2019. Mashambulio ya maumivu yalipungua kwa zaidi ya nusu. Malaria ilipungua kwa nusu. Vifo vilishuka kutoka 3.6 hadi 1.1 kwa kila miaka 100 ya ufuatiliaji ukiijumlisha ya watoto wote.

Mdogo wangu aliianza akiwa na miaka 19, baada ya kuhamishiwa kliniki yenye daktari wa damu. Daftari la Mama linaonyesha tofauti kuliko maelezo yangu. Mwaka mmoja kabla, kurasa kumi na moja. Mwaka uliofuata, nne. Lakini kuna mistari mingine kwenye daftari hilo, yenye wino mwekundu, na Mama hutumia wino mwekundu kwa makosa tu: "Dawa hakuna." "Aambiwa arudi wiki ijayo." "Duka la pili pia hakuna." "Mashine ya kupimia wingi wa damu mbovu." Dawa hii haitolewi kiholela, lazima damu ipimwe mara kwa mara isije ikashuka. Kwa hiyo mashine ikiharibika, dawa nayo inakuwa haipo, hata kama makopo yamejaa kabatini.

*

Kuna njia nyingine iliyotugusa wenyewe. Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwapandikizia uloto watoto wenye selimundu. Uloto unatoka kwa ndugu mwenye damu isiyo na ugonjwa, hata akiwa na jeni moja kama mimi, mradi tu chembe zao zinalingana. Hii haihitaji CRISPR wala bilioni tano. Nilipoisoma habari hiyo sikumwambia mtu, nikaenda kuuliza kama naweza kumpa mdogo wangu wangu.

Nafasi ya ndugu wawili wa baba na mama mmoja kulingana ni moja kati ya nne. Ni hesabu ileile iliyompa ugonjwa. Tulipimwa. Tunalingana nusu. Daktari akaeleza kwa upole kwamba matokeo mazuri zaidi ni kwa watoto, ambao viungo vyao havijachoka, wakiwa na ndugu anayelingana kikamilifu, na kwamba kwa mtu mzima mwenye mtoaji wa nusu uzito wa hatari ni mwingine kabisa. Mdogo wangu alisikiliza mpaka mwisho, akashukuru, na tulipofika nje akanipiga bega: "Usijali, dada. Nusu si haba."

Nilimtazama akitafuta bajaji nikawaza kwamba mtoto wa miaka minne aliyeko Geita au Sengerema leo, mwenye kaka anayelingana naye, ana nafasi ambayo mdogo wangu hakuwa nayo. Ana nafasi hiyo kwa sharti moja: mtu awe amempima. Huwezi kumpandikiza mtoto ambaye hujui kuwa anaumwa.

Na hapa ndipo nilipofikia baada ya kusoma kwangu kote. Wataalamu wa tiba za jeni sasa wanatafuta sindano moja itakayorekebisha seli zikiwa mwilini mwenyewe, bila kuvuna wala kuangamiza uloto. Mwaka 2019 taasisi za afya za Marekani, NIH, na wakfu wa Gates walitangaza kuweka angalau dola milioni 100 kila mmoja, kwa miaka minne, kwa ajili ya tiba za jeni za selimundu na virusi vya ukimwi ambazo zinaweza kutumika hata Afrika. Sindano hiyo ikija, haitamfikia mtoto ambaye hayumo kwenye orodha yoyote. Itahitaji apimwe akizaliwa, awe na kliniki inayomjua, apate penisilini ya kumfikisha umri wa kudungwa, na iwepo mashine ya damu isiyokaa mbovu miezi mitatu. Kipimo cha tone moja la damu na kopo la penisilini ndiyo barabara ambayo ile tiba ya mabilioni itabidi ipite. Dawa haiwezi kupatikana kwa maana ya mvuvi kisha ikapatikana yenyewe kwa maana ya sukari. Kuna watu lazima waibebe katikati, na kazi yao haitoki ukurasa wa mbele.

Kazini sasa, habari ya dawa mpya ikinifikia, natafuta vitu vitatu kabla ya kutafuta kitenzi: nani ameshapewa, anapewa wapi, na mgonjwa wa kwetu anahitaji kuwa na nini tayari ili aipate. Nikikosa jibu la hilo la tatu naandika "yaidhinishwa" au "yafanyiwa majaribio", na mhariri akinung'unika tunazungumza. Mara nyingine nashinda.

Mdogo wangu hakuniuliza tena kuhusu Casgevy. Anauliza kuhusu kile kipimo cha watoto wachanga, kwa sababu rafiki yake mwenye jeni moja ana mimba ya miezi saba, na mume hajawahi kupima. Ameshampigia simu huyo mume mara mbili. Mara ya kwanza hakupokea. Mara ya pili alimsikiliza, na Jumatatu wanakwenda naye kliniki.